Neno "get" linanitoa jasho: je, nikariri maana zake zote?

SWALI: "Mimi ni karani katika kituo cha kufungasha parachichi hapa Tukuyu. Sehemu kubwa ya kazi yangu ni kujibu barua pepe na meseji za wanunuzi wa nje. Kiingereza nilisoma hadi kidato cha nne na nasoma bila shida kubwa, ila neno moja linanitoa jasho, nalo ni get. Shuleni tuliambiwa get ni kupata, basi. Mwezi uliopita mnunuzi aliandika 'We will get back to you on Thursday'. Nikaelewa kwamba Alhamisi watarudi hapa. Nikaomba gari la kuwapokea, akina mama wakapanga sampuli mezani, tukangoja mpaka jioni. Ikaja barua pepe tu, na bosi hakufurahi. Nimefungua kamusi nikakuta get imejaza safu kwa safu. Je, nizikariri zote? Nianzie wapi? Halafu mnunuzi wetu wa Marekani huandika 'gotten', na rafiki yangu mwalimu anasema hilo ni kosa. Naomba msaada, maana sasa naogopa hata kufungua barua pepe."

JIBU: Ndaga fijo, yaani asante sana kwa Kinyakyusa, kwa swali lako, dada yangu, na pole kwa Alhamisi ile. Nianze hapo hapo ulipoumia, kwa sababu ulikuwa karibu na jibu kuliko unavyodhani. "Get back" kweli ina maana ya kurudi. Mnunuzi angeandika "We will get back to Tukuyu on Thursday", ungekuwa sahihi kabisa kuomba gari. Kilichogeuza maana ni kile kilichofuata baada ya "to". Pakitajwa mahali, watu ndio wanaorudi. Akitajwa mtu, kinachorudi ni jibu. "We will get back to you" ni kusema tutakujibu, tutakupa taarifa. Wakiandika "We want to get our money back", wanataka kurudishiwa fedha zao. Na ukisikia mtu anataka "to get back at" fulani, huyo anawaza kisasi. Maneno mawili yale yale, na kila mara kilichoamua maana ni jirani zake.

Kwa hiyo hapana, usizikariri. Wenye lugha yao wenyewe hawajazikariri. Maneno mafupi ya Kiingereza yana tabia ya kuzaa maana: katika toleo la pili la kamusi kubwa ya Oxford, lililotoka 1989, neno lililochukua nafasi ndefu kuliko yote lilikuwa "set", na wahariri walipokuja kuliandika upya neno "run", maana za kitenzi hicho peke yake zilifika 645. Hakuna mtoto wa London anayekaa chini kuhesabu mambo hayo. Anachokijua ni kutazama neno linakaa na nani, na hilo wewe unalifanya kila siku kwa Kiswahili.

Tazama kitenzi chetu "pata" chenyewe. Mtu anapata mshahara, anapata ajali, anapata mtoto, anapata homa. Pasi inapata moto, bati linapata kutu. Fundi anakuambia kisu hiki kinapata, akimaanisha ni kikali. Rafiki yako akieleza jambo anakuuliza "umenipata?", naye hakuwa amepotea. Kwenye magazeti unasoma juu ya mzee aliyepata kuwa mkuu wa mkoa, na simu ikikorofisha unasema "nimempigia sana, simpati". Hakuna aliyekukalisha darasani akakufundisha hizo zote. Kosa la yule aliyesema get ni kupata halikuwa kwamba alidanganya, maana nyingi kati ya hizi zinalingana na get moja kwa moja: "Did you get me?", "I got malaria", "I couldn't get him on the phone". Kosa ni lile neno "basi".

Linalounganisha matumizi karibu yote ya get ni badiliko. Kabla hukuwa nacho, sasa unacho. Kabla hukuwa mahali fulani, sasa upo. Kabla hali ilikuwa hii, sasa ni ile. Neno hili lililetwa Uingereza na wahamiaji wa Skandinavia walioanza kufanya makazi huko karne ya 9. Kwao lilikuwa "geta", na maana yake ilikuwa kupata. Kutoka kupata kitu, likasogea kwenye kufika mahali, likasogea tena kwenye kuingia katika hali, na mwishowe kwenye kumfanya mwingine aingie katika hali. Safari ile ile "pata" yetu imeianza tunaposema pasi imepata moto. Kiingereza kimeifikisha mbali zaidi, ndiyo tofauti.

Hali ndiyo itakayokusaidia zaidi kazini, kwa hiyo nitakaa hapo kidogo. Kiingereza kina maneno mengi ya hali yasiyo vitenzi: "tired", "wet", "soft", "ripe", "late". Ili useme hali hiyo imemwingia mtu au kitu, unaweka get mbele yake. Kiswahili hakihitaji msaada huo kwa sababu sisi tuna vitenzi tayari: kuchoka, kulowa, kulainika, kuiva, kuchelewa. Ndiyo maana ukitafuta "pata" ndani ya "get wet" huioni. Usiitafute. Iulize tu sentensi: hali gani imeingia? Kisha tumia kitenzi chetu.

Sasa chukua parachichi lenyewe, ambalo unalijua kuliko mimi. Halilainiki likiwa mtini. Linakomaa mtini, linachumwa likiwa gumu, linalainika baadaye, kwa hiyo muda wa kulainika ndiyo biashara yenyewe. Mnunuzi akiandika "The fruit is soft", anasema limeshalainika, hali ndiyo hiyo. Akiandika "The fruit is getting soft", linaanza kulainika, na pengine bado kuna siku za kuliuza. Akiandika "The fruit got soft on the way", lililainika njiani, na hapo ujue analalamika, huenda anakaribia kudai punguzo. Akiandika "Your fruit gets soft too fast", hasemi juu ya mzigo mmoja, anasema ndiyo kawaida ya mzigo wenu, na hilo ni jambo la kumpelekea bosi siku hiyo hiyo. Sentensi nne zinazofanana machoni, na kila moja inataka jibu lake. Anayezifasiri zote kuwa "parachichi ni laini" anaweza kulipa fidia isiyostahili, au kunyamazia lalamiko linalostahili kujibiwa.

Baada ya get linaweza pia kuja neno la tendo lililotendeka: "got paid", "got stolen", "got damaged", "got stuck". Hapa kuna kitu kinampata mhusika, cha heri au cha shari. "The truck got stuck at Kitonga" ni gari lilikwama Kitonga. "She got hired" ni ameajiriwa. Mara nyingi get ya namna hii iko karibu sana na vitenzi vyetu vya mwisho wa -ika. Unajua tofauti ya "boksi limevunjwa" na "boksi limevunjika". La kwanza linamnyooshea mtu kidole, la pili linasema tu yaliyolipata boksi. "The box got damaged" inaegemea upande wa "limeharibika". Mtendaji hayupo kwenye sentensi, na wakati mwingine mwandishi hataki awepo. Likumbuke hili, nitalirudia nikifika kwenye fedha.

Kisha kuna get ya kufanyiwa. Umepokea, au utapokea, sentensi kama hii: "Please get the crates washed and get the driver to call me." Hakuna kinachopatikana hapo. Anakuambia uhakikishe makreti yameoshwa, na umwambie dereva ampigie. Makreti hutayaosha wewe, utasimamia yaoshwe. Angalia pia kile kijineno "to" kabla ya "call". Wengi wetu tunaandika "get him call me", na hapo "to" imeachwa bila sababu.

Upande huu tuna kosa letu wenyewe, linalotoka kwenye Kiswahili, ambalo nimelisahihisha kwenye madaftari mengi. Kwa Kiswahili unasema nimejenga nyumba Mafinga hata kama hukushika hata tofali moja, mafundi ndio waliojenga. Unasema nimenyoa, na aliyeshika mashine ni kinyozi. Ukiandika "I cut my hair", mgeni anakuona umesimama mbele ya kioo na mkasi. Andika "I got my hair cut". Ukiandika "I repaired the cold room", mnunuzi atadhani wewe ni fundi wa majokofu. Andika "We got the cold room repaired".

Mahali napo hakuna shida, ukishaelewa kwamba Kiingereza hupenda kuuacha mwelekeo nje ya kitenzi. Sisi tunasema panda, shuka, ingia, toka, vuka, na mwelekeo umo ndani ya neno. Wao wanachukua get moja na kuongeza kijineno: "get on" ni kupanda basi, "get off at Uyole" ni kushukia Uyole, "get in" na "get out" ni kuingia na kutoka kwenye gari dogo, "get to Mwanjelwa" ni kufika Mwanjelwa. Nyumbani ndipo penye mtego: ni "get home", bila "to".

Na hivyo vijineno ndivyo vinavyowatisha wanafunzi kuliko yote, vile vinavyogeuza get kuwa kitu kisichotabirika: "get along", "get over", "get through", "get by". Nataka ulione jambo moja ambalo huniburudisha kila ninapolifundisha. Kiswahili kinafanya kazi hiyo hiyo, ila kinapachika kipande ndani ya kitenzi badala ya kukiacha nje. Chukua "pata", weka -an-, unapata "patana", nayo ndiyo "get along" kabisa. Weka -i-, unapata "patia": nipatie kiti, "get me a chair". Weka -ikan-, unapata "patikana". Mgeni anayejifunza Kiswahili anahangaika hapo kama wewe unavyohangaika na "get along". Atauliza, kwa nini kupata ukiongeza -ana kunakuwa kuelewana? Wewe hujawahi kujiuliza, kwa sababu neno lote uliliokota zima zima, likiwa katika maisha: majirani wamepatana, muuzaji na mnunuzi wamepatana bei. Viokote hivi vya Kiingereza vivyo hivyo. "Get over" ni kupona au kulizoea jambo zito na kuliacha nyuma. "Get through" ni kufanikiwa kumpata mtu kwenye simu, au kuvuka kipindi kigumu. "Get by" ni kusukuma maisha kwa kidogo ulicho nacho. Ukikutana na kingine, kichukue pamoja na sentensi yake nzima.

Imebaki "have got", inayoonekana kuvunja kanuni ya badiliko. "I have got a cough" si nimepata kikohozi jana, ni ninacho sasa. Hebu fikiri juu ya "amevaa koti". Tunatamka tendo lililokwisha, kuvaa, lakini tunamaanisha koti liko mwilini sasa hivi. Vivyo hivyo na amelala, amekaa, amesimama. "Have got" ni -me- ya aina hiyo: nimepata, kwa hiyo ninacho. Ila iangalie sana inapofuatwa na "to" na kitenzi. "I got to meet the manager" ni nilipata kukutana na meneja, nilibahatika, jambo limepita. "I've got to meet the manager" ni lazima nikutane naye, bado sijaonana naye. Kwenye meseji watu huandika haraka na kudondosha "have", hivyo ukiona "I got to go" ujue anaaga, ni lazima aondoke. Hapo itakubidi uamue kwa mazungumzo mazima.

Kuhusu "gotten", mwambie rafiki yako kwa upole kwamba si kosa. Ni umbo la zamani la Kiingereza ambalo Wamarekani walibaki nalo huku Waingereza wengi wakiliacha, ingawa hata wao bado husema "forgotten". Mmarekani hulitumia kwa mpango: "I've gotten the papers" ni karatasi zimenifikia, "I've got the papers" ni ninazo hapa. Shule zetu zimefuata Kiingereza cha Uingereza, kwa hiyo mwanafunzi anayejiandaa kwa mtihani wa kidato cha nne aandike "got". Wewe andika "got", na ukisoma "gotten" usishtuke.

Pia usiwasikilize wanaosema get ni Kiingereza cha vijiweni. Ni Kiingereza safi cha mazungumzo na cha meseji za kazi. Kwenye barua ya maombi, insha ya mtihani au barua kwa ubalozi, tafuta neno linalobana zaidi: "receive" kwa kupokea, "become" kwa kuwa, "arrive" kwa kufika, "arrange for" kwa kufanyiwa. Lakini usibadilishe kwa kupita na panga. Nimewahi kusoma "I obtained wet", kazi ya mtu aliyeambiwa aifute kila get na kuweka "obtain". Kama huna uhakika na neno la heshima, iache get.

Sasa uanzie wapi? Kukariri orodha kunasaidia kidogo kwa mtihani wa wiki ijayo, kisha kunayeyuka. Programu ya kutafsiri kwenye simu inasaidia ukiipa sentensi nzima pamoja na ile iliyotangulia. Ukiipa neno moja itakurudisha kwenye "pata" yako. Njia ninayoiamini ni ndefu kidogo, ila malighafi yake unayo tayari. Fungua barua pepe za wanunuzi wako za miezi iliyopita, tafuta kila sentensi yenye get, iandike kwenye daftari, kisha pigia mstari kile kinachofuata get, si get yenyewe. Ni kitu? Ni hali? Ni mahali? Ni tendo lililotendeka? Ni mtu halafu "to"? Pembeni andika Kiswahili ambacho ungemwambia mwenzako wa meza ya pili, bila kulazimisha "pata" iwemo. Utagundua wanunuzi wako wanazungusha sentensi chache tu zile zile. Hizo ndizo zako za kwanza. Itachukua miezi, na mtu anayekuahidi Kiingereza kizima ndani ya mwezi mmoja mwache aende na hela za wengine.

Na ukikwama kazini, uliza. "Do you mean you will come here, or you will write to us?" ni swali la karani makini, na hakuna mnunuzi wa maana atakayelidharau. Lingewaokoa akina mama na kazi ya siku nzima.

Kuna mahali daftari halitoshi. Kama unasoma vizuri lakini kwenye simu hushiki kitu, hilo ni la masikio, na maandishi hayatalitibu. Watu hutamka "get it" kama neno moja, na Mmarekani huilainisha ile t hadi isikike kama d. Hapo unahitaji mtu wa kuongea naye ana kwa ana, mara kwa mara: mwalimu wa sekondari aliye karibu, au kikundi cha mazoezi mkiweza kukianzisha pale kituoni.

Jambo la pili ni fedha, na hili ninakuomba ulichukulie kwa uzito. Siku ukipokea sentensi kama "We'll get you paid once the container gets cleared", isome polepole kwa macho uliyonayo sasa. "Get you paid": mtahakikishiwa kulipwa, lakini na nani? Hakusema "we will pay you". "Gets cleared": kontena litaruhusiwa bandarini, lakini nani analishughulikia, na likikwama wiki tatu hasara ni ya nani? Get zote mbili zimemficha mtendaji, na tarehe haipo. Huenda mwandishi hana nia mbaya, ndivyo watu wanavyoandika wakiwa na haraka. Lakini sentensi hiyo haifai kuwa msingi wa malipo. Mjibu kwa ustaarabu, umwombe aandike nani analipa, kiasi gani, na ndani ya siku ngapi tangu tukio gani. Kisha bosi wako aipeleke rasimu ya mkataba kwa wakili Mbeya mjini, au aanzie kwa afisa biashara wa halmashauri, kabla ya boksi la kwanza kupandishwa kwenye gari.